Swali la Dirishani

"Swali la mwisho la kompyuta," alisema Khairiya kutoka ndani ya dirisha. "Una sehemu mbili za programu, zimefungamana mno. Ukiigusa hii, ile inaanguka. Unafanya nini?"

Nje barazani, Nyange alijikuna kidevu. Swali hili alilichukia. Kila alasiri aliulizwa, na kila alasiri alilikosa kwa namna mpya.

"Naziandika zote mbili upya."

"Mradi umechelewa. Umefukuzwa kazi."

"Basi nafuta moja, nabaki na nyingine."

"Unafuta ipi?"

Nyange alinyanyua macho, akayaleta moja kwa moja kwenye upenyo wa pazia, pale alipojua kwamba jicho la Khairiya lipo. Alitazama hivyo kwa muda, bila kucheka. Khairiya alihisi uso ukimuwaka, akajifanya anatafuta ukurasa.

"Hapo," alisema Nyange, "ndipo panaponikosesha usingizi."

Ilikuwa alasiri ya mwisho kabla ya usaili. Serikali ilikuwa imetangaza nafasi moja kwa Pemba nzima, ya mtaalamu wa kutengeneza mifumo ya kompyuta na kusimamia miradi yake, kituo cha kazi Chake Chake. Nafasi ilikuwa moja tu, na walioiomba ungedhani wanagombea tiketi ya meli mkesha wa Idd.

Kwa Nyange, nafasi ile haikuwa ya kazi peke yake. Baada ya Idd mjomba wake, Mzee Jaribu, alikuja Wesha na wazee wenzake, kanzu zimepigwa pasi, wakamposea Khairiya. Baba yake Khairiya, Mzee Shaame, aliwakaribisha vizuri, akawapa kahawa na halua, kisha akawapa na sharti. Kijana akiingia kazi ya serikali, jawabu mtalipata. Asipoingia, tusamehane. Kazi aliyokuwa nayo Nyange, ya kuchapa na kutoa fotokopi katika duka la steshenari mjini Chake, Mzee Shaame aliiita kazi ya kungojea umeme. Na walikuwako ndugu walionong'ona la pili. Kijana kwao Makoongwe, na babu yake alikuja kutoka bara kuchuma karafuu akabaki, sasa nani anawajua watu wale? Babu mwenyewe alikwishakufa zamani, kaburi lake liko Makoongwe na wajukuu zake wamejaa kisiwa, lakini watu wakiamua kutomjua mtu hawakosi njia.

Mposaji ambaye hajapewa jawabu haonani na msichana. Hilo Wesha halina mjadala. Lakini Bi Mwanakhamis, dada yake Mzee Shaame, alikuwa mjane mwenye nyumba yake na akili yake, na alimpenda Khairiya kuliko alivyoipenda sheria ya kaka yake. Ndiye aliyepanga jambo. Nyange akae barazani, Khairiya akae chumbani nyuma ya pazia, na yeye mwenyewe akae kizingitini akishona kofia. Hapa hapaonwi mtu, alisema, panasikizwa tu. Kompyuta ya Nyange ilipotakiwa ndani, ilipita mlangoni mikononi mwa Bi Mwanakhamis, imefunikwa kitambaa kama sahani ya futari ya jirani.

Na walisomeshana kweli. Nyange alijua kuandika programu kwa haraka ya ajabu, mikono yake ilikuwa na mazoea ya dukani. Khairiya, aliyetoka chuo kikuu Unguja na shahada yake, alijua kufikiri kabla ya kuandika, na usimamizi wa miradi aliujua nje ndani. Mapenzi yao yalikua hivyo, kwa maswali na majibu, na mtu akipita njiani alisikia neno bajeti likitamkwa kwa sauti ambayo haikuwa ya bajeti hata kidogo.

Lakini siku ile Khairiya hakuwa na raha. Lilikuwepo jambo lililomkaa kooni tangu lilipomfikia, na aliyelijua ni shangazi yake tu. Khairiya naye alikuwa ameitwa kwenye usaili. Aliomba nafasi ile ile kabla posa haijaja, baba yake akampa nauli ya kupeleka vyeti, kisha yakaja ya posa na mzee akasahau. Khairiya alikwishajipangia. Kesho asubuhi angeumwa na kichwa.

"Tumalizie usimamizi wa miradi," alisema Nyange. "Niulize."

"Chagua mradi wa mfano."

"Harusi."

Sindano ya Bi Mwanakhamis ilisimama, kisha ikaendelea.

"Harusi ya nani?" aliuliza Khairiya.

"Ya watu tu."

"Haya. Taja kazi zake kwa mpangilio."

"Posa. Jawabu. Mahari. Nikaha. Kisha watu wanakula biriani na kulalamika nyama kidogo."

Bi Mwanakhamis alicheka kwa pua.

"Ipi inayozishikilia zote?"

"Jawabu. Likichelewa lile, kila kitu kinachelewa. Huwezi kuliruka, wala huwezi kulifanya sambamba na jingine."

"Vizuri. Na hatari kubwa ya mradi huo ni ipi?"

Lori la mizigo lilikuwa likipanda kutoka bandarini, Nyange akalingoja lipite. Aliifunga kompyuta yake taratibu.

"Kwamba bi harusi naye ameitwa kwenye usaili ule ule," alisema, "na mwenye mradi hakuambiwa."

Ndani ya chumba Khairiya alishika nondo ya dirisha.

"Nani kakwambia?"

"Duni, naye kaitwa. Kaja dukani kupiga picha za pasipoti. Kaniambia usailini tutakuwa na binti Shaame, basi sisi wengine twende tukasindikize. Chake nzima inapita dukani kwangu, Khairiya. Ulidhani habari hii itapitia wapi?"

"Umejua tangu lini?"

"Tangu juzi."

"Na jana ukakaa hapo hapo, nikakusomesha mpaka sauti ikanikauka, ukanyamaza?"

"Nilikuwa nakungoja useme."

"Ulikuwa unanipima."

"Na wewe ulikuwa unanificha."

Wote wawili walikuwa wamesema kweli, na ndiyo maana wote wawili walikasirika. Nyange alisimama. Alikuwa kijana mrefu, na akisimama barazani uso wake ulikuwa sawa na dirisha. Upande wa pili wa pazia Khairiya aliweza kuona kola yake iliyokwisha kufuliwa mara nyingi, na mshipa uliokuwa ukicheza shingoni.

"Ningekwambia," alisema Khairiya, sasa kwa sauti ndogo. "Baadaye."

"Baada ya nini?"

"Baada ya matokeo."

Nyange alilitafuna jibu hilo. Halafu Khairiya akaona anavyolielewa, kwa sababu uso wake ulibadilika wote.

"Kesho hukukusudia kwenda."

Khairiya alichezea pindo la pazia.

"Bi Mwanakhamis," aliita Nyange bila kugeuka, "huyu kesho alikusudia kwenda?"

"Mie nashona kofia, mwanangu. Msinitie katika maneno yenu."

"Kwa nini?" Nyange alimuuliza Khairiya. "Niambie kwa nini."

"Kwa sababu nafasi ni moja." Khairiya alilivuta pazia kando. Hakukusudia, mkono ulikwenda wenyewe, na kwa mara ya kwanza tangu posa ije walitazamana bila kitambaa kati yao. "Nikipata mimi, wewe hukupata. Wewe usipopata, baba anawaambia wazee wako tusamehane. Unataka nipige hesabu gani nyingine? Nakutaka wewe, Nyange. Kazi siitaki."

Bi Mwanakhamis aliiinamia kofia yake sana, kama mtu aliyepoteza tundu la kupitisha uzi.

Ungetegemea kijana aliyeambiwa maneno yale afurahi. Nyange alizishika nondo za dirisha kwa mikono miwili, macho yamejaa machozi, na kilichomtoka hakikuwa furaha.

"Muongo," alisema polepole. "Unaitaka. Ule mfumo wa mnada wa samaki wa Tumbe uliotaka kuutengeneza, ili wachuuzi wasigombane nani kanunua nini, umenieleza mara ngapi? Ukiueleza unasahau hata kujificha nyuma ya pazia. Kazi ile unaitaka kuliko mimi na unaiweza kuliko mimi."

"Hata kama."

"Hata kama nini? Niipate kwa sababu wewe umelala kitandani na kichwa kisichouma? Niende ofisini kila siku, nirudi nikukute jikoni, nikuulize umeshindaje? Utanipakulia wali, Khairiya, na utanichukia. Labda si mwaka wa kwanza."

"Siwezi kukuchukia."

"Basi mimi nitajichukia. Afadhali nisiende mimi."

"Thubutu." Sauti ya Khairiya ilitetemeka. "Ukikaa nyumbani kesho, nikaja nikaambiwa nimeshinda kwa sababu aliyekuwa akinikaribia hakutokea, sitoolewa na wewe hata baba anikabidhi mkononi mwako. Sitaki sadaka."

"Na ulichotaka kunipa wewe mimi kilikuwa nini?"

Khairiya aliyavuta mabawa ya dirisha, la kushoto na la kulia, akatia komeo. Giza la chumba likamwangukia na akasimama humo akiuma pindo la mtandio ili asilie kwa sauti.

Nyange hakuondoka mara moja. Alizungumza kupitia mbao.

"Kesho nitakuangalia ndani ya chumba kile. Usipokuwepo, nainuka natoka. Wallahi natoka."

Kisha Khairiya akasikia viatu vyake vikishuka barazani, vikaenda zao.

Shangazi aliingia akakaa ukingoni mwa kitanda. Hakumbembeleza, haikuwa tabia yake. Aliikunja kofia, akaitia katika mkoba wake wa ukili.

"Siku mie n'lipoposwa," alisema, "baba yangu kaniuliza, nikainama nikanyamaza. Kunyamaza kwa mwanamwali ndiyo ridhaa yake, ndivyo tulivyosomeshwa. Na weye siku ya kuulizwa ikifika utanyamaza, na baba yako atafahamu. Lakini ntoto wangu, kule ni kunyamaza kwa siku ile moja. Hapana aliyekuambia unyamaze na siku nyingine zote."

"Nilikuwa namuokoa, shangazi."

"Ulikuwa unaogopa. Mie pia ningeogopa." Alisimama, magoti yakalia. "Kesho wende. Yule kijana kala kiapo, na kwa nilivyomuona, atakitimiza."

*

Asubuhi Khairiya aliamka amevimba macho. Alimtafuta baba yake amuage na kumwambia ukweli wote, lakini mzee alikuwa ametoka kwenda kuswali alfajiri na hakuwa amerudi, jambo lisilo la kawaida yake. Alimwachia ujumbe shangazi, akapanda bodaboda mpaka Chake, mtandio ameufunga barabara na vyeti amevikumbatia kifuani.

Ukumbi wa kungojea ulikuwa umejaa. Watu walikaa kwenye viti vya plastiki wakisoma midomo ikicheza, kama wanafunzi wa chuoni siku ya kuhitimu juzuu. Duni alikuwepo, amevaa tai iliyomkaba.

"Binti Shaame," alimsalimu. "Bora umekuja, maana pasipokuwa na wewe tungejitia matumaini."

Khairiya alijibu kwa adabu, macho yake yakiwa yanazunguka ukumbi mzima. Nyange hakuwepo. Alijiambia amekwenda kunywa maji. Alijiambia yuko kwenye foleni ya nje. Kisha ofisa mmoja akatokea mlangoni na kuanza kuita majina ili ahakikishe waliofika, na alipoliita la Nyange Mgeni, hapakuwa na aliyeitika. Aliliita tena. Akatia alama kwa kalamu, akaendelea na jina la mbele.

Hasira ilimpanda Khairiya mpaka masikioni. Kwa hiyo amefanya. Amesema yote yale jana, ameapa, halafu amekwenda kuitoa sadaka yake kimyakimya nyuma ya mgongo wake. Alifikiri kuinuka aondoke. Angeinuka, kweli, lau si mlango uliofunguliwa kwa nguvu wakati ofisa alikuwa anakunja karatasi yake.

Nyange aliingia akihema. Suruali yake ilikuwa imelowa umande mpaka magotini na viatu vimeshika udongo mwekundu. Alimwomba radhi ofisa, akasikilizwa kwa taabu, alama ikafutwa. Kiti kilichobaki kilikuwa nyuma ya Khairiya. Alikaa hapo, na alipoongea aliongea akiwa ameinama, kama mtu anayefunga kamba za viatu.

"Umekuja," alisema.

"Ulikuwa wapi?"

"Wesha. Kwenu."

Khairiya aligeuka nusu. "Kufanya nini?"

"Nilimngoja baba yako nje ya msikiti, baada ya sala. Nimemwambia naiondoa posa."

Kwanza hakuelewa. Aliyasikia maneno moja moja, na kila neno alilijua, lakini yalipokaa pamoja yalikataa kumwingia.

"Umefanya nini?"

"Lile swali lako. La sehemu mbili zilizofungamana." Sauti yake ilikuwa chini sana, na alijikaza isikatike. "Sikuwahi kulipata kwa sababu siku zote nilikuwa natafuta ya kufuta. Hufuti hata moja. Unakata kilichozifunga, kila moja ikasimama peke yake. Leo fanya mtihani wako, Khairiya. Ukishinda, hupotezi kitu kwa kushinda. Hakuna tena jawabu linalongojea matokeo haya."

"Na sisi?"

Nyange alijaribu kutabasamu, mdomo haukumtii.

"Sisi hatukuwamo kwenye swali," alisema.

Khairiya alitaka kumpiga. Alitaka kumshika ule mkono na kuuweka shavuni pake mbele ya ukumbi mzima, na Duni, na ofisa na karatasi yake. Hakufanya lolote kati ya hayo, kwa sababu jina lake liliitwa na miguu ikainuka.

Mtihani wa kompyuta aliufanya akiwa haoni vizuri kwa machozi, na bado mikono ilijua kazi yake. Ilikumbuka kila alasiri ya barazani, kila mara Nyange alipomwambia usiogope kukosea, andika kwanza kisha urekebishe. Alimaliza mapema, akapita tena mstari kwa mstari. Akapelekwa chumba cha pili, mbele ya wasaili.

Walimuuliza habari za ratiba, bajeti, na namna ya kuzungumza na wadau wagumu. Alijibu. Walimuuliza mradi ambao angependa kuuanza, akawaeleza mnada wa Tumbe, samaki wanavyoshushwa na wachuuzi wanavyowapakia kwenye baiskeli na pikapu kabla hawajaelewana bei. Alieleza kwa urefu kuliko alivyokusudia, na mmoja wao akaacha kuandika akawa anasikiliza tu.

Mwishoni mama mmoja mwenye miwani, aliyekuwa amenyamaza muda wote, akamuuliza kwa upole.

"Binti, tukikupa nafasi hii, kuna jambo lolote la kifamilia ambalo litakuzuia kuifanya kazi?"

Jana angesema lipo. Jana lilikuwa kubwa kuliko kisiwa. Khairiya alibana viganja vyake chini ya meza.

"Halipo, mama," alisema. "Lilikuwepo mpaka leo alfajiri."

Yule mama alimtazama juu ya miwani yake, akataka kuuliza zaidi, kisha akamwachia aende.

Alipotoka alipishana na Nyange mlangoni, yeye ndiye aliyefuata kuitwa. Kila mmoja alijibana upande wake asimguse mwenzake. Mlango ukafungwa baina yao.

*

Nje kwenye ukumbi wa mbele wa jengo, juu ya benchi la saruji, alikaa Mzee Shaame. Alikuwa na kanzu yake ya kuswalia na koti juu yake, na mwavuli kati ya magoti. Khairiya alisimama ghafla.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kaa."

Alikaa. Mzee alitazama mbele, kwenye maegesho.

"Yule kijana kaja kwangu alfajiri," alisema. "Peke yake. Hana nshenga, hana mjomba. Kanambia kaja kuiondoa posa. Mie n'likuwa na tasbihi mkononi, uradi wangu sijaumaliza, nikanyamaza. Akadhani n'meridhia. Akanipa mkono, akaondoka mbio akipita makondeni."

"Najua, baba. Kaniambia."

"Hukuambiwa kitu." Mzee aligonga sakafu kwa ncha ya mwavuli. "Posa kaileta Jaribu na wazee wenziwe. Wamekaa ukumbini kwangu, wamekula halua yangu. Posa huondolewa na walioileta. Ntoto haamki na alfajiri yake akaenda kuiondoa peke yake njiani, si msikitini si nyumbani. Haikuondoka. Ipo pale pale ilipowekwa."

Khairiya aligeuza uso, akamtazama baba yake.

"Nikenda kwa dada yangu Mwanakhamis," aliendelea mzee. "Nikamuuliza kuna nini kati ya watoto hawa. Kanieleza yote. Kuhusu kazi kuwa moja, kuhusu kichwa chako cha kuumwa. Nikafikiri njia nzima kuja hapa. Lile sharti la kazi ya serikali halikuletwa na wazee. N'liliweka mie, peke yangu. Basi na kuliondoa naweza peke yangu. N'meliondoa."

"Kwa nini, baba?"

Mzee Shaame hakuwa mtu wa kueleza sababu zake, na ilionekana wazi kwamba hii ilimkwaruza kooni.

"N'likuwa nataka nkwe ambaye hutopata dhiki mikononi mwake. Watu wakanambia hatuwajui. Leo ntu kaja kunambia yu tayari kukukosa, ili weye ukafanye ntihani wako bila ya fundo moyoni. Alikuwa analia, na hakujua kama namuona." Alikohoa. "Usidhani n'mempenda. Lakini huwezi tena kunambia simjui."

Machozi yalimshuka Khairiya, safari hii hakuyazuia.

"Sasa jawabu," alisema mzee. "Wazee wa Makoongwe wananingoja mimi, na dini inanitaka nikuulize weye. Nakuuliza. Kijana huyu umemridhia?"

Akageuka upande, akajishughulisha na kufunga kifungo cha mwavuli ambacho kilikuwa kimeshafungwa. Ndivyo baba wanavyofanya, humpa msichana nafasi ya kuinama na kunyamaza, kisha wakainuka wakaenda kutoa habari.

Khairiya aliinama. Mdomo ulikwishafungika wenyewe, kwa mazoea ya mama yake na shangazi yake na wote waliokuwa kabla yao. Halafu akalikumbuka dirisha, na siku alizokaa nyuma yake na neno moja kooni, na yaliyotokea kwa sababu ya neno hilo. Aliinua kichwa.

"Mimi sinyamazi, baba."

Mwavuli ulisimama.

"Nimemridhia Nyange. Akipata kazi hii, asipoipata. Nikiipata mimi, nisipoipata. Nimemridhia, na nataka unisikie nikilisema."

Sauti yake ilikwenda mbali kuliko alivyokusudia. Karani aliyekuwa akipita na mafaili aligeuka. Mzee Shaame alibaki ameduwaa, mtu aliyejiandaa kwa ukimya akapewa maneno, na ndevu zake zikatikisika kidogo.

"N'mesikia," alisema. "Na yule mwenye mafaili naye kasikia."

Ndipo Khairiya akahisi kuna mtu nyuma yao. Nyange alikuwa amesimama mlangoni, usaili wake umekwisha, vyeti vyake vikiwa mkononi na viatu vikiwa bado na udongo. Hakuweza kusogea wala kusema. Alikuwa akimtazama Khairiya mchana kweupe, bila pazia, bila nondo, na Khairiya hakuyainamisha macho yake.

Mzee Shaame aliinuka taratibu akaegemea mwavuli. Hakugeuka nyuma kumtazama kijana.

"Nwambie mwenzio," alimwambia binti yake, "Ijumaa aje na wazee wake walioanza naye. Nyumba yangu ina mlango. Dirisha la dada yangu lipumzike."